Misiba Isiyo na Maiti

Habari hii nilipewa na Sagal, binti Warsame, asubuhi moja karibu na sikukuu ya malaika Gabrieli wa kanisa la Kulubi, tumekaa kibarazani kwangu hapa Dire Dawa tunachambua dengu. Wakati mambo haya yanatokea yeye alikuwa konstebo mpya, na mkubwa wake kazini alikuwa Inspekta Wubshet. Mengine Sagal aliyaona kwa macho yake, mengine Wubshet alimweleza baadaye, kila mmoja akijaza pale mwenzake alipoacha. Mimi nimeyapanga tu.

Siku hiyo ilianza na kitana.

Kilikuwa kimefungwa ndani ya leso, na aliyekiweka juu ya meza ya Wubshet alikuwa Zenebech, mwanamke mrefu wa Addis Ababa, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuja Dire Dawa kwa ajili ya harusi ya binti wa dada yake.

"Fungua mwenyewe, afande."

Wubshet akafungua. Meno ya kitana hayakuonekana kwa nywele.

"Hizi ni za siku ngapi?"

"Siku! Ni za jana asubuhi, kuchana mara moja tu. Dada yangu alikuwa na nywele za kukalia. Sasa kichwa chake ukikishika ni kama kifaranga."

Pembeni ya kitana aliweka mkebe wa sumu ya panya, kisha kopo la siagi ya kupaka kichwani, ile inayotiwa majani ya kunukia.

"Siagi anampaka nani?"

"Si huyo mliyemweka ndani? Ayantu, mfanyakazi wake. Na mkebe huu nimeutoa jikoni anakolala. Afande, Addis nimeona kwa macho yangu mpishi aliyemtilia tajiri yake sumu ya panya kwenye mchuzi. Nywele zilianguka zote, mwenyewe akafuatia. Sasa tunangoja nini? Mpaka na huyu tumzike wiki ya harusi?"

Dada mwenyewe, Asnakech, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Kezira, alikuwa amekaa dirishani kimya. Alijifunika netela, shali yake nyeupe, mpaka kwenye nyusi, pindo lake la rangi amelipandisha shingoni, kama wanavyofanya wanawake waliofiwa.

"Pole kwa msiba, mama," Wubshet alisema.

"Asante, mwanangu."

"Ni wa jirani yake," Zenebech akadakia. "Hata ndoa ya mwanawe haijamfanya avue. Ndivyo alivyo, huyu na moyo wake."

Wubshet hakuuliza zaidi. Nani anamuuliza mfiwa maswali?

"Mama Asnakech, miezi hii ya nyuma uliumwa?"

"Sijaumwa hata mafua."

"Unadhani Ayantu amekutilia kitu?"

Asnakech alitazama mikono yake. "Ameishi kwangu tangu hajui kukoroga mchuzi wa shiro. Sijui, afande. Nywele zinaanguka, na daktari aliniambia niangalie ninachokula." Akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Daktari gani?"

"Daktari tu."

"Na mtazame kichwani," Zenebech alisema, "ana vidonda vya sumu!"

Asnakech hakukubali kufunuliwa mbele ya mwanamume. Sagal akampeleka chumba cha pili, na aliporudi alisema kwa sauti ya chini, "Si vidonda, afande. Ni nukta ndogo ndogo kama za sindano. Zimepangwa mistari."

"Mistari imenyooka?"

"Kama mbegu shambani."

Wubshet alipangusa upara wake kwa leso. Alikuwa na upara tangu ujana, na kwa joto la Dire Dawa leso haikumtoka mkononi. Hakimu angekaa saa tisa, baada ya mapumziko ya mchana. Ayantu alikuwa ndani tangu jana, na sheria haikuruhusu kumshikilia zaidi bila kumfikisha kwa hakimu. Akishafikishwa kwa kosa la sumu, angepelekwa gerezani kungoja majibu ya maabara ya Addis, na Wubshet alijua majibu hayo yanavyochelewa. Kwa mfanyakazi wa ndani hayaharakishwi. Angeweza kukaa huko mpaka mvua zije na kuondoka.

"Mlete," akamwambia Sagal.

Ayantu alikuwa msichana wa Kioromo kutoka milimani, mwembamba, kitambaa cheusi kimemkaza kichwani mpaka macho yamevutika. Chumba kile kilikuwa kama jiko la kuokea mkate. Wubshet mwenyewe alishafungua vifungo viwili.

"Siagi hii imetoka wapi?"

"Kwa mama yangu. Anaipiga mwenyewe, ananitumia siku ya soko."

"Majani ya kunukia nani ametia?"

"Mimi."

"Sumu ya panya?"

"Mama Asnakech aliinunua. Panya walikuwa wanatafuna vitambaa vya stoo. Niliitega nyuma ya marobota yote, nenda katazame, bado ipo. Mkebe nikauweka jikoni juu, mtu asije akaufikia."

"Mama Asnakech aliwahi kuumwa miezi ya nyuma?"

Mpaka hapo alijibu haraka, maneno yanakimbizana. Swali hili likamsimamisha. Akatazama chini.

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Ayantu, unajua ukitoka hapa saa tisa unakwenda wapi?"

"Najua."

"Na bado hakuumwa?"

"Hakuumwa, afande." Chozi likamtoka, akaliacha lishuke.

Sagal, aliyekuwa amesimama mlangoni na hijabu yake ya sare, akasogea. "Afande, tupishe kidogo."

"Kwa nini?"

"Joto hili, na kitambaa hajakilegeza hata mara moja. Tupishe."

Wubshet akatoka. Alipoitwa tena, Ayantu alikuwa ameshajifunga, na Sagal alionekana kama amepigwa na kitu.

"Na yeye zimekwisha, afande. Pembeni hana kabisa."

Zenebech alikuwa ametega sikio ukumbini. "Mnaona! Sumu imemrudia kwa mikono! Amepaka mwenzake, ikamla na yeye!"

"Dada," Wubshet alimwambia, "anayetega sumu nyuma ya marobota halafu akaenda kujipaka hiyohiyo kichwani, huyo si mwuaji. Huyo ni mjinga. Na huyu msichana si mjinga." Lakini aliyasema kwa mdomo tu. Watu wawili wa nyumba moja, chungu kimoja, siagi moja. Mbele ya hakimu, hilo lingemzamisha Ayantu, si kumwokoa.

Wubshet na Sagal wakaenda nyumbani kwa Asnakech kwa miguu. Kezira ina miti, na asubuhi kivuli chake kinatosha. Njiani Wubshet alisalimia kama mtu aliyelelewa vizuri. Kwa mwenye kioski, pole kwa msiba. Kwa wanawake wawili waliokuwa wanatandaza pilipili juani, netela zimepandishwa shingoni, poleni kwa msiba. Kwenye kona alimkuta Mzee Birru, mpiga baragumu wa chama cha kuzikana cha mtaa. Akifa mtu ndiye anayezunguka alfajiri kuwaita wanachama, na asiyefika analipishwa faini. Alikuwa ameweka baragumu lake mapajani analipangusa.

"Shikamoo, mzee. Kazi inaendaje?"

"Kazi ipo wapi? Baragumu limeota kutu. Mungu anaupenda mtaa huu mpaka anatunyima chakula."

"Ashukuriwe basi."

"Ashukuriwe, ndiyo, lakini na mimi nina mdomo." Akamtazama kichwani. "Na hizo zako zilikufa lini, afande? Mbona hatukupewa taarifa, tuje tuzike?"

Sagal akacheka mpaka akainama. Wubshet naye akacheka, wakapita.

Stoo ya Asnakech ilikuwa kama Ayantu alivyosema. Nyuma ya kila robota palikuwa na chambo, na panya mmoja mkavu. Wubshet alipima kwa macho kilichotegwa na kilichopungua mkebeni, vikalingana. Uani aliona mapipa ya maji yamepangwa ukutani, matano, mengine hayana mfuniko. Akachungulia moja. Vidudu vya mbu vilikuwa vinacheza juu ya maji.

"Nyumba zote hizi zina mapipa?" aliuliza.

"Bomba linatoa maji likitaka lenyewe, afande," Sagal alijibu. "Asiye na pipa anakunywa nini?"

Akaketi kwenye ukingo wa kibaraza, akafikiri juu ya zile nukta.

"Sagal, mtu akikuchoma sindano kichwani usiku, umelala, mistari itanyooka?"

"Nitaruka mpaka darini."

"Basi alikaa, akatulia, akachomwa kwa hiari yake. Na daktari hataki kumtaja. Mjini hapa nani anachoma watu vichwani?"

Palikuwa na mmoja tu. Dakta Nejat, mwenyeji wa Harar, alikuwa na kliniki karibu na stesheni ya zamani ya treni, na kibao chake kilichorwa kichwa cha mwanamke chenye nywele kama mto uliofurika. Alipomwona Wubshet akatikisa kichwa.

"Pole sana. Kwa hicho umechelewa miaka ishirini."

"Nimekuja kwa kichwa cha mtu mwingine, dakta. Asnakech wa vitambaa. Msichana wa watu atapelekwa gerezani leo kwa sababu yake."

Mzaha ukamtoka Nejat usoni. Akawakaribisha ndani, akawaonyesha mashine ndogo ya mviringo.

"Namtoa damu mkononi, naiweka humu, inazungushwa mpaka inajitenga. Nyekundu inakaa chini, juu yanabaki maji ya manjano. Mwili ukitaka kujitengeneza, vya kujitengenezea vingi viko humo. Nayarudisha kichwani kwa sindano nyembamba, mstari kwa mstari. Ni damu yake mwenyewe, hakuna sumu wala dawa ya dukani."

"Yanaotesha?"

"Wengine yanawasaidia. Wengine yanamsaidia daktari. Inategemea nywele zimeondoka kwa nini, na hapo ndipo mama yule aliponishinda. Nilimuuliza, ulipata homa? Akasema hapana. Ulipata ile ya mbu, chikungunya, iliyowakunja watu viungo wakati wa mvua? Hapana. Sasa kama si homa, si uzazi, si dawa, nikamwambia aangalie anachokula. Nilikuwa na maana ale mayai na dengu. Sikusema sumu!"

"Dada yake ndiye aliyesikia sumu. Dakta, homa inaangusha nywele?"

"Haiziangushi siku hiyo. Inazishtua tu, zikaacha kuota zote kwa pamoja. Mtu anapona, anarudi sokoni, anasahau. Baada ya miezi mitatu hivi, zinaanguka kwa mafungu. Hakuna anayekumbuka homa tena, anatafuta mchawi."

"Wamekuja wangapi wenye homa hiyo?"

Nejat akacheka bila furaha. "Hakuna. Ukiwauliza watu wa Kezira, mbu walipita mtaa wenu wakaomba radhi. Taarifa ya afya inasema mtaa ni safi."

Wubshet akasimama. Sababu alikuwa ameipata, lakini haikuwa na miguu. Mama alikana homa, msichana alikana homa, mtaa mzima ulikana. Kwa hakimu angesimama na nini?

Alikuwa amefika mlangoni aliposikia Sagal nyuma yake.

"Dakta. Mtu akipata homa hiyo, zikaanguka, zinarudi?"

"Zinarudi. Nyingi zinarudi zenyewe, hata bila sindano yangu. Anatakiwa ale vizuri, alale, aache hofu."

Sagal akavuta pumzi kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Wubshet akageuka.

"Unauliza kwa ajili ya kesi?"

"Nauliza kwa ajili yangu, afande."

"Wewe? Ulipata homa lini?"

"Ile siku nilipoomba ruhusa, nikasema shangazi yangu anajifungua."

"Alijifungua?"

"Ana miaka sitini."

Nejat akageuka ukutani kuficha kicheko. Wubshet hakucheka.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mtu akitajwa kuwa ana homa, wanakuja watu wa afya, wanamwaga mapipa yote ya nyumba na ya majirani. Mama yangu angelia. Majirani wangenila nyama. Kila mtu aliugua amejifungia, akisema amekwenda ugenini. Nywele zilipoanza kuanguka nikadhani ni mimi peke yangu. Nikadhani ni kofia ya kazi. Nina hijabu, nani angejua? Leo asubuhi nilipomwona Ayantu alivyokaza kitambaa, nilijiona mwenyewe."

"Wewe una hijabu," Wubshet alisema polepole. "Ayantu ana kitambaa. Asiyekuwa na hivyo anafunika na nini?"

Walipotoka nje, mwanamke alikuwa anapita barabarani, netela imempanda mpaka kwenye nyusi, pindo shingoni. Mdomo wa Wubshet ukafunguka wenyewe kwa mazoea.

"Pole kwa m..."

Akasimama juani amefungua mdomo, na mwanamke akapita akimshangaa.

"Sagal, Mzee Birru amesema nini asubuhi?"

"Kwamba zako hazikuzikwa."

"Kabla ya hapo."

Sagal akafikiri, kisha akashika mdomo. "Kwamba baragumu limeota kutu."

"Mtaa hauna maiti. Tumetoa pole ngapi asubuhi hii?"

Wakaenda wanakimbia, inspekta na upara wake juani bila kofia. Saa ilikuwa inaelekea sita. Mzee Birru alikuwa palepale.

"Piga baragumu, mzee. Waite wanawake wa chama."

"Amekufa nani?"

"Hakuna."

Mzee akalikumbatia baragumu lake. "Afande, baba yangu alilipiga hili, na mimi nimelipiga tangu nina meno yote. Halijaita watu bila maiti hata siku moja. Nikilidanganyisha leo, kesho nikifa mimi nani atakuja?"

"Kuna msichana atazikwa gerezani saa tisa. Anatosha?"

Mzee alimtazama kwa muda. Alisimama, akaweka baragumu mdomoni, na sauti ikakata mtaa kama panga.

Walikuja mbio, kama wanavyokuja siku zote, wengine unga mikononi, wengine viatu tofauti. Hema la chama lilikuwa limekunjwa nyuma ya kanisa, wakalisimamisha haraka wenyewe kwa kuzoea, wakaingia. Asnakech alikuwamo, na Zenebech nyuma yake. Nje ya hema Wubshet aliambiwa ageuke, na akageuka, amesimama pamoja na Mzee Birru wakiitazama milima mikavu. Yote yaliyofuata aliyasikia kwa mgongo.

"Nani amekufa?"

"Nani? Semeni basi!"

"Mbona hakuna anayelia?"

Kisha sauti ya Sagal, inatetemeka kidogo. "Mama zangu. Samahani. Zilizokufa ni hizi."

Hijabu ikachakarika ikivuliwa.

"Mwanangu!" alisema mmoja. "Nani amekufanyia hivyo?"

"Mbu, mama. Niliugua wakati wa mvua nikaficha kwa ajili ya mapipa. Dakta anasema ndiyo homa. Anasema zinarudi. Sasa na nyinyi niambieni. Huo msiba mliovaa, mnamlilia nani?"

Wubshet alitazama saa yake. Mzee Birru alikuwa anasogeza midomo, labda anaomba, labda anamtukana.

Kisha mwanamke mmoja akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha kulia. "Tiblets! Wewe si ulisema shangazi yako wa Harar?"

"Na wewe si ulisema baba mkwe?"

"Baba mkwe yuko nyumbani anakula! Hebu funua nikuone."

"Funua wewe kwanza."

"Tufunue pamoja, kwa mpigo!"

Vikachakarika vitambaa vingi kwa pamoja, na ndani ya hema pakatoka kelele ambayo Wubshet hakuwahi kuisikia msibani. Walikuwa wanacheka, wanalia, wanashikana vichwa. Mmoja alisema, "Na mimi nilikuletea mkate wa pole!" Mwingine akasema, "Nami nikaula, nikakuombea!"

Mzee Birru akafumba macho. "Kumbe," alisema. "Kumbe nilikuwa na kazi."

Kelele zikapungua, ikabaki sauti moja, ya chini. Ilikuwa ya Asnakech.

"Mimi niliugua kupita nyinyi wote. Sikuweza kushika kikombe. Ayantu alinilisha, akanigeuza, akanifua nguo. Naye alikuwa na homa hiyohiyo, anatambaa kuja kitandani kwangu. Nilimwapisha kwa Gabrieli wa Kulubi asimwambie mtu, wasije wakamwaga maji tukakosa harusi. Afande amemuuliza leo kama niliumwa. Amekataa. Yuko ndani kwa sababu yangu, na bado amekataa."

Halafu Zenebech akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo, "Asne, mimi niliogopa utakufa."

"Najua, mdogo wangu. Ndiyo maana sikukasirika. Lakini tembea sasa, tukamtoe."

Hakimu aliwakuta wamemtangulia mlangoni. Wubshet aliingia na Dakta Nejat, na Asnakech, na nyuma yao wanawake wa chama wameufunga ua wa mahakama kwa netela nyeupe, pindo la rangi sasa limeshuka chini mahali pake. Wubshet aliweka mbele mkebe na kueleza vyambo vya stoo. Nejat alieleza homa. Asnakech alieleza kiapo. Hakimu, ambaye mke wake alikuwa amevaa msiba tangu mwezi uliopita, alisikiliza akiwa amekodoa macho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Dakta, zinarudi?"

"Zinarudi, mheshimiwa."

"Mshtakiwa aachiwe," akasema, akafunga kikao, akaenda nyumbani kwake upesi.

Ayantu alipofunguliwa alisimama mlangoni mwa selo, hakutoka.

"Mama, mimi sikusema."

"Nimesema mimi, mwanangu."

"Kwa hiyo kiapo sijakivunja?"

"Hukukivunja. Nimekifungua mwenyewe. Nisamehe."

Wubshet alimfuata nje na kopo la siagi mkononi. "Umenidanganya leo," alimwambia. "Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kudanganywa na mtu nikataka kumshukuru. Nashukuru."

Ayantu akajibu kama alivyofundishwa. "Karibu nyumbani kwetu, afande."

Akakaribia. Mapumziko yalikuwa yamepita, lakini kwa joto lile nusu ya Dire Dawa ilikuwa bado imefunga milango, mbwa wamelala katikati ya barabara. Asnakech aliwaleta wote kibarazani kwake, kwenye kivuli, akawaketisha kwenye mikeka. Alikuwa ameshatoa robota la kitambaa chepesi cha chandarua, lililokusudiwa kupamba harusi, akawagawia wanawake wa mtaa wafungie midomo ya mapipa yao. Watu wa afya wangekuja kesho, Wubshet alikuwa amewaomba waje na vifuniko na wasimwage maji ya watu, nao walikubali. Nejat alipita, akamgeuza Asnakech kichwa juani, akaonyesha kwa ncha ya kidole. Palikuwa na nywele changa, fupi, nyepesi, kama manyoya ya tunda la pichi.

"Sindano zangu sasa basi," alisema. "Hizi zimekuja zenyewe."

"Labda ni damu yangu uliyoirudisha."

"Labda. Mshukuru Mungu kwa zote mbili."

Wakala injera kwenye sinia moja. Ayantu akainuka atoe vyombo, Asnakech akamvuta sketi. "Kaa." Akafungua kopo lilelile lililokuwa ushahidi, akachota siagi kwa vidole, akaanza kumpaka Ayantu kichwani taratibu, kama mama anavyompaka mtoto aliyetoka kuugua. Halafu akampaka Sagal, aliyevua hijabu kwa kuwa Wubshet alikuwa amegeukia ukuta. Zenebech akaomba mwenyewe. Sagal alipojifunika, Wubshet akageuka.

"Na afande?" Ayantu aliuliza.

"Hapo hakuna kitu, mwanangu," Asnakech alisema, lakini alichota kidogo, akampaka katikati ya upara. "Nani ajuaye."

Walicheka mpaka wakachoka. Siagi ilikuwa inayeyuka, inateremka shingoni baridi. Zenebech alilala wa kwanza, mdomo wazi, sauti yake yote imekwisha. Asnakech akamfuata, mkono wake umebaki kichwani kwa Ayantu. Sagal anasema yeye hakumbuki hata alilala saa ngapi.

Ayantu alikuwa anapigana na usingizi. Anafumba, anashtuka, anatazama lango.

"Unaogopa nini?" Wubshet alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nikiamka nijikute kule."

Wubshet alitoa ufunguo wa selo mfukoni, akauweka juu ya mkeka kati yao. "Hakuna mwingine. Na mimi siendi popote."

Aliutazama ufunguo ule kwa muda, kisha macho yake yakafumba, na pumzi zake zikawa ndefu. Wubshet akangoja mpaka akawa na hakika. Akaegemea nguzo, akahisi siagi ikimteremka nyuma ya sikio, akaiacha iteremke. Mtaani hakuna aliyekuwa amefiwa. Akalala.